Kila Kelele Ina Kwao

Kyavinyonge ni kijiji cha wavuvi kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, jirani na Ishango ambako mto Semliki unatoka ziwani. Kwenda Butembo ni safari ya kupanda milima. Kwenda Kampala kutafuta kipuri cha elektroniki ni kuvuka mpaka wa Kasindi, na vita vimeifanya barabara ya kusini, ile ya Goma, isitegemewe. Mtu wa huku aliyejitengenezea ampli ya gitaa ya valvu kwa ajili ya kwaya au bendi, kisha akaiwasha na kukuta inanguruma kuliko gitaa lenyewe, hana duka la jirani la kukimbilia. Hali hiyo inaonekana kama mkosi. Hata hivyo, inamsukuma kwenye njia ambayo hata fundi wa mji mkubwa angepaswa kuifuata: kutobadilisha kipuri chochote mpaka ajue kelele inatoka wapi. Kelele ya ampli haitokei ovyo. Ina sauti yake, ina njia yake na ina mahali inapozaliwa, na vyote hivyo vinaweza kujulikana kwa sikio, multimita moja na utaratibu wa kugawa ampli sehemu kwa sehemu.

Kwanza, kwa nini valvu, katika zama hizi? Gitaa la umeme lilifika Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, mwaka 1953 kupitia Bill Alexandre, mpiga gitaa wa Ubelgiji aliyefanya kazi na studio ya CEFA. OK Jazz ya Franco iliundwa mwaka 1956. Transista ilikuwa imevumbuliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell nchini Marekani, lakini ilikuwa bado haijaingia kwenye ampli za wanamuziki. Kwa hiyo gitaa la rumba lililea sauti yake ndani ya valvu: ule utamu wa noti inayolainika badala ya kukatika pale ampli inapofikia mwisho wa nguvu zake. Kuna sababu nyingine inayomhusu fundi zaidi. Ampli ya valvu iko wazi machoni. Rezista zake zinaonekana, waya zake zinafuatika kwa kidole, na kila kipande kinaweza kufumuliwa na kulehemiwa upya kwa chuma cha kawaida. Ni mashine inayoweza kueleweka yote na mtu mmoja, na ndiyo maana inafaa kujifunzia.

Ubaya wake ni kwamba inakuza kila kitu bila kubagua. Kinasa cha gitaa hutoa milivolti 100 hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Valvu ya ECC83, ambayo Wamarekani huiita 12AX7, hukuza ishara hiyo mara 50 hadi 60 ikifungwa kwa namna ya kawaida, na ampli nyingi zina hatua mbili au tatu za aina hiyo kabla ya valvu za nguvu kama EL84 au 6V6. Hata ukitoa kinachopotea kwenye vidhibiti vya sauti, uchafu wa milivolti moja ukiingia mlangoni utatoka kwenye spika ukiwa umekuzwa mara mamia. Ndiyo maana mahali kelele inapoingilia pana uzito kuliko ukubwa wake. Uchafu mdogo kwenye valvu ya kwanza unaumiza masikio; uchafu huohuo kwenye valvu ya mwisho hausikiki. Fundi anayelijua hili tayari ana nusu ya jibu, kwa sababu swali lake la kwanza linakuwa kelele imeingilia wapi. Kipuri kilichoharibika kitajulikana baadaye.

Kabla ya kutafuta chochote, uhai. Ndani ya ampli ya valvu mna umeme wa volti 300 hadi 400, na kapasita za kuchujia huweza kuuhifadhi muda mrefu baada ya plagi kuchomolewa. Umeme huo unaua. Kila anayefungua ampli aizime, achomoe plagi, azimalize kapasita kwa kupitisha umeme wake kwenye rezista yenye waya uliofunikwa vizuri, kisha apime kwa multimita kuhakikisha imebaki karibu na sifuri. Ampli mpya iwashwe mara ya kwanza ikiwa na balbu ya waya iliyofungwa kwa mfululizo kwenye njia ya umeme: balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna mahali panapovuta umeme kupita kiasi. Isiwashwe kamwe bila spika, maana transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Na waya wa ardhini wa plagi usikatwe kwa kisingizio cha kupunguza mngurumo. Wapo wanaofanya hivyo na mngurumo ukapungua kweli, lakini siku transfoma itakapovuja, umeme utapita kwenye chasisi, kwenye nyuzi za gitaa na kwenye mwili wa anayelipiga.

Utafutaji wenyewe unaanza kwa kugawa. Chomoa gitaa. Kelele ikiisha, ampli haina kosa. Tatizo liko kwenye gitaa, kwenye waya wake, au hewani karibu na transfoma na taa. Vinasa vyenye koili moja hunasa mngurumo wa umeme kirahisi, na ndiyo sababu Seth Lover wa kampuni ya Gibson alibuni mwaka 1955 kinasa chenye koili mbili zinazofutiana mngurumo. Kelele ikibaki, zungusha kidhibiti cha sauti. Ikipanda na kushuka pamoja nacho, imezaliwa kabla ya kidhibiti hicho. Isipobadilika, imezaliwa baada yake. Kisha zima ampli, toa valvu ya kwanza, uwashe tena. Kelele ikiendelea, valvu hiyo na kila kilicho kabla yake vimeondolewa lawama. Songa kwa valvu inayofuata, hivyohivyo, kuelekea spika. Kwa hatua tatu au nne za namna hii, ampli yenye vipande mia inabaki eneo dogo la kuchunguza, na hakuna senti iliyotumika.

Hatua ya pili ni kuitambua sauti yenyewe, na hapa mpiga gitaa ana kipimo mikononi mwake. Umeme wa Kongo, kama wa Afrika Mashariki yote, ni wa hezi 50. Ukipita kwenye daraja la diodi, mawimbi yanayobaki ni ya hezi 100. Sasa bonyeza freti ya tatu ya uzi mnene kabisa wa gitaa lililofungwa sawasawa: hiyo ni noti ya G, hezi 98. Mngurumo ukikaribiana na noti hiyo, mshukiwa wa kwanza ni mfumo wa umeme mkuu, yaani kapasita za kuchujia zilizokauka kwa umri na joto, au njia mbaya ya kurudishia mkondo. Mngurumo ukiwa chini ya hapo kwa oktavu nzima, pale ambapo gitaa la besi linatoa G yake ya chini, ni hezi 50, na mshukiwa ni waya wa kupasha joto valvu au transfoma iliyokaa karibu mno na mlango wa ishara. Wavuvi na wafanyabiashara wanaotumia jenereta ndogo wana faida moja zaidi. Jenereta ya kawaida ya aina hiyo huzunguka mara 3,000 kwa dakika ili itoe hezi 50, na injini ikilemewa sauti ya mngurumo hushuka nayo. Kelele inayofuata injini imetoka kwenye umeme. Kelele isiyojali injini imetengenezwa na ampli yenyewe.

Katika ampli za kujitengenezea, chanzo kinachosahauliwa kuliko vyote ni njia ya kurudia. Mafundi wengi wanaoanza huamini kwamba chasisi ni chuma, chuma ni ardhi, na ardhi ni ileile popote unapoigusa. Hesabu fupi inakanusha imani hiyo. Kapasita ya kwanza ya kuchujia haijazwi kwa mkondo tulivu. Hujazwa kwa mapigo mafupi, mara 100 kwa sekunde, na kila pigo linaweza kufika nusu ampea au zaidi. Kipande cha waya au chasisi chenye ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu, kikipitishiwa nusu ampea, kitaonyesha milivolti 5 kati ya ncha zake. Kama valvu ya kwanza imeunganishwa ardhini kwenye kipande hichohicho, milivolti hizo 5 zinajumlishwa na ishara ya gitaa na kukuzwa pamoja nayo. Hakuna kipuri kibovu hapo. Kila kipimo kitaonyesha afya. Dawa ni kuhakikisha mapigo ya kapasita ya kwanza yanarudi moja kwa moja kwenye transfoma, na kila hatua ya ukuzaji inarudi kwenye kapasita yake, kisha ardhi ya ishara inagusa chasisi mahali pamoja tu. Kazi hiyo inahitaji nusu mita ya waya na kufikiri.

Waya wa kupasha joto nao una sheria zake. Hubeba umeme wa volti 6.3 unaobadilika, na kila ECC83 hutumia ampea 0.3 hapo. Waya hizo mbili zisokotwe pamoja kwa kubana, zipite mbali na waya za gridi, yaani zile zinazoingiza ishara ndani ya valvu, na katikati yake pawekwe uwiano wa ardhi, ama kwa waya wa kati wa transfoma, ama kwa rezista mbili za omu 100. Kinachobaki baada ya hapo ni ule mlio mwembamba wa “shhh”, ambao kwa kiasi fulani hauondoki. J. B. Johnson aliupima na Harry Nyquist akaueleza mwaka 1928: joto lenyewe huzifanya elektroni zitikisike ndani ya rezista yoyote. Ila kuna unaopunguzika. Rezista za zamani za kaboni kwenye anodi ya valvu ya kwanza, yaani upande inakotolea ishara, hufoka zaidi zinapopitisha mkondo, na kuweka za utando wa metali husaidia. Milio ya kupasuka-pasuka kwa kawaida ni kiungo kibaya cha lehemu, tundu la valvu lililoshika kutu, au unyevu. Kidhibiti kinachokwaruza hata baada ya kusafishwa kinaashiria kapasita ya kupitishia ishara inayovujisha umeme usiobadilika.

Mlio wa kujizalisha ni jambo jingine kabisa, na kuuchanganya na kelele ndiko kunakopoteza muda mwingi. Kelele huingia, mlio huu hauingii, ampli huutengeneza. Kila aliyesali katika kanisa lenye vipaza sauti anaufahamu ukelele unaotokea mikro inapoelekezwa kwenye bafle: sauti inatoka, inarudi mlangoni, inakuzwa, inatoka kubwa zaidi. Ndani ya ampli hutokea vilevile bila mikro yoyote. Kama ukuzaji ni mara 1,000, inatosha sehemu moja ya elfu ya kinachotoka irudi mlangoni kwa wakati unaolingana, na ampli itajipigia yenyewe bila kukoma. Harold Black, aliyebuni mwaka 1927 mrejesho hasi, yaani kurudisha nyuma kwa kinyume sehemu ya kinachotoka, alijua kwamba mrejesho uleule unaosafisha sauti unaweza kuigeuza ampli kuwa king’ora, na Nyquist huyohuyo aliandika mwaka 1932 kanuni ya kutambua lini itatulia na lini haitatulia. Basi anayepambana na mlio huu ana kazi ya kutafuta njia moja tu: sauti inarudi nyuma kwa kupitia wapi?

Njia hizo ni chache, na kila moja ina dalili zake. Ampli mpya ikipiga ukelele mkali mara inapopata joto, fungua waya wa mrejesho hasi unaotoka kwenye spika. Ukelele ukikoma, mrejesho umefungwa kinyume. Badilishanisha waya mbili za transfoma ya kutolea sauti na uurudishe. Mlio wa polepole wa “tu-tu-tu”, ambao mafundi wa redio tangu zamani huuita mlio wa mashua ya injini, na ambao mkazi wa Kyavinyonge atautambua mara moja, unapita kwenye umeme mkuu: kapasita inayotenganisha hatua moja na nyingine imekauka au haikuwekwa, hivyo valvu ya nguvu inaitikisa valvu ya kwanza kupitia chakula chao cha pamoja. Mluzi unaobadilika unaposogeza waya unatokana na mpangilio: waya wa anodi unapita karibu na waya wa gridi, na hewa kati yao inakuwa kapasita ndogo. Hapo chukua kijiti kikavu cha mti, usitumie kidole, sukuma waya mmoja mmoja ampli ikiwa imewashwa, na usikilize. Waya unaobadilisha mluzi ndio njia. Gonga pia kila valvu taratibu kwa kijiti hicho. Inayolia kama kengele imelegea ndani.

Aina ya hatari zaidi ni mlio ulio juu ya uwezo wa sikio. Ampli inasikika dhaifu na yenye kukwaruza, anodi za valvu za nguvu zinaanza kuwa nyekundu, na multimita ya kawaida inaweza isione kitu. Redio ndogo ya mawimbi ya kati ikiwekwa karibu mara nyingi huufichua kwa kuvurugika pale ampli inapowashwa. Rezista ya kuzuia, takriban kiloomu 68 kwenye gridi ya valvu ya kwanza na kiloomu 1.5 kwenye gridi za valvu za nguvu, ikilehemiwa juu kabisa ya pini ya tundu, huziba mlango huo. Ikiwekwa mbali na pini, kipande cha waya kilichobaki kinaendelea kuwa antena na rezista haina maana.

Yupo atakayesema kwamba huku kwetu tatizo ni umeme wenyewe: kituo cha Mutwanga, chini ya Ruwenzori, kilianza kuzalisha mwaka 2013, lakini wengi bado wanaishi kwa jenereta na kwa betri za sola zenye vigeuza umeme vya bei nafuu. Hoja hii ina ukweli. Vigeuza hivyo hutoa wimbi la ngazi lenye makali mengi, na makali hayo hunaswa na gitaa. Lakini kuna jaribio la sekunde mbili. Piga noti ndefu, kisha zima umeme kwenye swichi. Kapasita zitaiwezesha ampli kuendelea kuimba kidogo. Kelele ikikatika papo hapo huku noti ikiendelea, ilitoka kwenye umeme. Ikififia pamoja na noti, ni ya ampli. Na hata ikiwa ya umeme, umeme ule haukupita ukutani kuingia kwenye valvu ya kwanza wenyewe. Uliingia kupitia kapasita dhaifu, njia mbaya ya kurudia au waya wa gitaa usiofunikwa, yaani milango ambayo fundi anaweza kuifunga.

Mwingine atasema: nunua valvu mpya, mambo yaishe. Wakati mwingine anabahatika. Lakini valvu za gitaa leo hutengenezwa katika viwanda vichache tu duniani, kama JJ ya Slovakia, kiwanda cha Saratov nchini Urusi, na vya China. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, zuio la Urusi la kuuza nje lilitikisa soko hilo na wateja wakahaha. Isitoshe, ampli yenye ECC83 mbili tayari ina valvu ya majaribio ndani yake: zibadilishanishe nafasi. Kelele ikihama pamoja na valvu, valvu ni mbovu. Ikibaki pale pale, valvu mpya ya Kampala isingesaidia kitu.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa wanamuziki. Konono Nº1 ya Kinshasa, chini ya Mingiedi Mawangu, ilipaza likembe kwa vifaa vya kujitengenezea, vinasa vyenye sumaku za vipuri vya magari na vipaza sauti vikuukuu, na albamu yao Congotronics ya mwaka 2004 iliufanya ulimwengu upende ule mkwaruzo. Kwa nini basi tuihangaikie kelele? Kwa sababu mkwaruzo wa Konono unaitikia mkono wa mpigaji: likembe likinyamaza, nao unakosa cha kukwaruza, na kundi liliuchukua na kuujengea mtindo. Mngurumo wa hezi 100 haujui wimbo umefika wapi. Unaendelea katikati ya sala, unafunika sauti ya mwimbaji wa pili, na unampokonya mpigaji ukimya, ambao nao ni sehemu ya muziki. Anayejua kelele yake inatoka wapi anaweza kuiacha kwa hiari yake au kuiondoa. Asiyejua hana uchaguzi.

Kwa hiyo ushauri kwa bendi, kwaya na shule za ufundi za Butembo, Beni na ufukoni ni huu: siku ampli inapofanya kazi vizuri, pima volti za kila pini ya kila valvu na uziandike kwenye karatasi, ibandikwe ndani ya sanduku lake pamoja na mchoro wa waya. Mwaka mmoja baadaye, kelele itakapoanza, fundi yeyote, hata ambaye hakuijenga, atalinganisha namba na kuona ni hatua ipi iliyobadilika kabla hajashika chuma cha kulehemu. Vipuri vitaendelea kuja kutoka mbali na kwa bei ya mbali. Maarifa ya kutambua kipi kinahitajika yanaweza kukaa kijijini na kurithishwa, na jamii inayoyamiliki itakuwa na muziki hata pale mpaka unapofungwa.